Kadi ya Grafiki kwa Kompyuta ya Mtumba: Soma Kwanza Lebo ya Pawasaplai

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Kahama, Geita mjini na Shinyanga zilistaafu ofisini ng'ambo kabla ya kufika kwetu: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, HP ProDesk, zenye prosesa ya Core i5 na kasha jembamba. Si mashine mbaya hata kidogo. Kijana anayehariri video za harusi mchana, au anayechora ramani za leseni za wachimbaji wadogo, kisha usiku akataka kucheza FC au GTA V, huanzia hapo na anaanza vizuri. Kinachobaki ni kadi ya grafiki. Hapo ndipo hela zinapopotea, maana mnunuzi huulizia kadi yenye nguvu kabla hajajua kama mashine yake ina umeme wa kuilisha.

Fungua kasha usome lebo ya pawasaplai. OptiPlex 7050 nyembamba ina wati 180, na ile ya kasha kubwa ina 240. OptiPlex 7020 ya kasha kubwa ina 290. Plagi zake ni za kampuni yenyewe, kwa hiyo huwezi kuchomoa pawasaplai hiyo ukaweka yoyote iliyopo dukani bila adapta. Sloti ya PCIe kwenye bodi, pale kadi inapochomekwa, hutoa wati 75 na si zaidi. Kadi inayodai waya wa ziada wa pini sita au nane haikuhusu, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Kuna mafundi watakaokwambia watavuta umeme huo kwenye waya wa SATA, ule unaoenda kwenye diski. Kiunganishi cha SATA kimeundwa kubeba wati 54 tu kwenye volti 12. Mshukuru fundi, uondoke.

Ndani ya hizo wati 75 chaguo zipo, na si za kudharau.

GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 ndiyo inayopatikana kirahisi kwenye mitumba. Ina memori ya GB 4, na EA ilipotoa FC 24 iliitaja kama kiwango cha chini cha kadi za Nvidia. Tatizo lake ni umri. Nvidia ilitangaza mwaka 2025 kwamba kadi za kizazi hicho hazitapata tena maboresho ya gemu baada ya Oktoba mwaka huo, ila marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Ukiikuta kwa bei inayokaribiana na GTX 1650, iache.

GTX 1650 ilitoka mwaka 2019 kwa dola 149. Inakula wati zilezile 75, ina nguvu zaidi, na haimo katika kundi lililoachwa. Kwa kasha kubwa na mfuko wa kawaida, hii ndiyo ningeitafuta kwanza. Itazame ubavuni kabla ya kulipa, kwani baadhi ya watengenezaji waliiongezea tundu la pini sita.

Wenye kasha jembamba wana kadi yao, na wengi hawaijui kwa kuwa haina jina la gemu. Ni Nvidia T1000. Ndani yake mna chipu ya familia ileile ya GTX 1650, yenye idadi ileile ya viini 896, lakini imepunguziwa kasi ikatosheka na wati 50. Ni fupi, inachukua nafasi ya sloti moja, na ipo ya GB 4 na ya GB 8. Ilitengenezwa kwa ajili ya wahandisi, ndiyo maana vijana wa gemu huipita dukani wakidhani ni ya Excel. Usumbufu wake mmoja ni matundu ya mini DisplayPort: ulizia vigeuzio vya HDMI palepale, kabla hujafika nayo nyumbani ukabaki kuitazama monita.

AMD RX 6400 nayo ni ndogo, wati 53, na kwenye karatasi inavutia. Kwenye OptiPlex inapoteza ladha. Inatumia njia nne tu za PCIe 4.0, na mashine zetu za mtumba ni PCIe 3.0, hivyo mlango wake unabaki nusu. Tena haina kabisa kifaa cha kusimba video, kwa hiyo mhariri wa harusi asihangaike nayo. Intel Arc A380 inataka kipengele cha Resizable BAR ambacho mashine nyingi za zamani hazina; iruke. GT 710 na GT 730 ni za kuwasha monita. GT 1030 inavumilika ikiwa ya GDDR5, lakini ipo ya DDR4 yenye jina lilelile na mwendo wa kinyonga.

Mwenye nia ya kununua kadi mpya yenye waranti atazame RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka Februari 2024. Inakula wati 70. Bei yake ya kutokea ilikuwa dola 170 hivi. Ukihesabu dola kwa shilingi 2,500 unapata 425,000, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 unafika 501,500 kabla ya usafiri na faida ya muuzaji. Angalia sana hiyo GB 6. RTX 3050 ya GB 8 inabeba jina hilohilo, inakula wati 130, na inataka waya.

Sasa RX 580. Kila anayetafuta kadi ya bei nafuu huletewa hii, na kwenye gemu inaipita GTX 1650 waziwazi, sikatai. Lakini inakula wati 185. Nyingi pia zilitumika kuchimba sarafu za mtandaoni usiku na mchana, hadi Ethereum ilipoachana na uchimbaji huo Septemba 2022 na soko likafurika. Kadi ya namna hiyo ni sawa na mota ya karasha iliyouzwa baada ya mwamba kuisha: huenda nzima, huenda imechoka, na kwa nje zote zimepakwa rangi. Kuna pia iitwayo RX 580 2048SP, yenye viini 2,048 badala ya 2,304. Hiyo kwa uwezo ni RX 570, ilipiwe bei ya RX 570.

Halafu ipigie hesabu ya LUKU. Tofauti ya RX 580 na GTX 1650 zikiwa kazini ni wati 110. Anayeikimbiza kadi saa 6 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, anaongeza uniti 17 hivi. Kwa bei ya kundi la T1, shilingi 292 kwa uniti ambayo pamoja na kodi na tozo inafika 356 hivi, ni kama shilingi 6,100 kwa mwezi, au 73,000 kwa mwaka. Aliyeko kwenye kundi la D1 ana hesabu chungu zaidi: uniti 75 za kwanza ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, na zinazozidi ni 350. Uniti 17 za kadi zenyewe zaweza kukuvusha mpaka huo.

UPS nayo inaingia humo. Ile ya VA 650 hubeba kiasi cha wati 360 hadi 390 tu, na ukiwa Katoro au Nyarugusu, umeme ukicheza kila makarasha yanapowashwa, UPS si anasa. Kadi ndogo inaiachia nafasi ya kubeba na monita.

Kuhusu kazi, wengine hawahitaji kadi kabisa. AutoCAD ya michoro bapa, QGIS na mahesabu ya ofisi vinaridhika na grafiki ya ndani ya prosesa. Hela ipeleke kwenye ram ya GB 16 na diski ya SSD, utaona tofauti siku hiyohiyo. Mwenye Leapfrog Geo, anayezungusha umbo la mwamba kwenye skrini, au anayeunganisha picha za droni kwa Agisoft Metashape, huyo anahitaji kadi kweli, na kwake memori ni muhimu kuliko sifa za gemu. Hapo T1000 ya GB 8 inaishinda GTX 1650. Anayeanza upya bila mashine ya mtumba afikirie Ryzen 5 5600G bila kadi yoyote, mradi ram ziwe mbili na si moja. FC na GTA V zitacheza kwa kiwango cha chini, na kadi itakuja baadaye.

Feki zipo. Chipu kuukuu ya Nvidia huandikwa upya ikajitambulisha kama GTX 1050 Ti. Ukiona kadi ya jina hilo ina tundu la VGA, shtuka. Programu ya bure ya GPU-Z, kuanzia toleo la 2.12, huandika FAKE mbele ya jina la kadi nyingi za hivyo. Iwashe dukani, kisha endesha gemu au programu nzito kwa nusu saa ukisikiliza feni. Vumbi letu jekundu huanza na feni.

Ukiagiza Kariakoo, kadi inasafiri na basi takriban kilomita 1,000. Omba kwanza video ya GPU-Z ikionyesha kadi yenyewe na namba yake ya utambulisho ya kiwandani (serial number), risiti ya EFD, na waranti ya maandishi inayotaja siku. Muulize nani analipa gharama ya basi kadi ikirudi. Akisema ni wewe, ongeza gharama hiyo mara mbili kwenye bei yake, ndipo uilinganishe na ya duka la Mwanza.