Safura na Chango: Kwa Nini Minyoo Hurudi Katika Nyumba Iliyokwisha Kunywa Dawa

Mtu apitaye asubuhi katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa, akitoka upande wa Ngome ya Yesu na kuelekea Marikiti, huona mambo mawili ambayo hayaelekei kuwa na uhusiano wowote. La kwanza ni mafungu ya mchicha, kotmiri na nyanya yaliyopangwa mbele ya wauzaji, mengine yangali na udongo wa shamba katika mizizi. La pili ni watoto waendao shuleni na chuoni. Baina ya udongo ule na matumbo ya watoto hawa iko njia moja iliyo wazi, nayo ndiyo njia ya minyoo.

Watu wa Pwani wanawajua minyoo tangu zamani, na lugha yenyewe ni shahidi. Tegu ni yule mrefu kama utepe, apatikanaye kwa kula nyama ya ng'ombe isiyoiva, kama vile mishikaki iliyoungua nje na kubaki mbichi ndani. Safura ni jina lililotoka katika Kiarabu, na asili yake ni rangi ya manjano. Basi waliolitumia kwanza walitazama uso wa mgonjwa uliopauka, wala hawakumwona mnyoo mwenyewe, kwa kuwa ni mdogo mno. Neno chango lina mashaka zaidi. Hutumika kwa utumbo mwembamba, hutumika kwa mnyoo mrefu wa mviringo aishiye ndani yake, na tena hutumika kwa maumivu ya tumbo ya wanawake. Haishangazi, basi, kwamba wako wazee wasemao kuwa kila mtu ana chango wake, na kwamba kumtoa kabisa ni hatari. Wachunguzi waliokwenda Nyanza katika miaka ya 1990 walikuta imani ya namna hiyo hiyo kwa Wajaluo, kwamba minyoo ni sehemu ya uhai wa mtu. Imani hiyo ina heshima ya ukale, lakini si kweli. Utumbo ni kiungo cha mwili. Mnyoo ni mgeni aliyeingia bila kualikwa, na chakula anachokula ni cha mwenye nyumba.

Chango hufikia urefu wa sentimeta 20 hadi 35, na jike mmoja aweza kutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku moja. Mayai hayo hutoka pamoja na choo kikubwa. Yakianguka katika udongo wenye kivuli na unyevu, hukomaa kwa muda wa majuma machache, kisha hungoja, pengine miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Mtu akiyameza, vidudu wachanga huanguliwa, hutoboa ukuta wa utumbo, husafiri katika damu mpaka ini na mapafu, hupanda hadi kooni, na humezwa tena. Ndiyo sababu mtoto mwenye chango huweza kukohoa kwanza, kabla tumbo lake halijauma. Miezi miwili au mitatu baada ya kumeza yai, mnyoo amekwisha kuwa mzima na ameanza kutaga. Wakiwa wachache, mtoto huonekana mzima. Wakiwa wengi, huweza kujifungamanisha kama kamba na kuuziba utumbo, na hapo tumbo huvimba, mtoto hutapika na kushindwa kupata choo. Mtoto wa namna hiyo hapewi mafuta ya nyonyo wala dawa ya dukani. Hupelekwa hospitali saa ile ile, maana huenda akahitaji kupasuliwa.

Hapa inafaa kuitaja kachumbari, ingawa wapishi wa Mombasa huenda wasifurahi. Wengi huamini kwamba chumvi, ndimu na siki huua kila kidudu. Yai la chango lina ganda gumu lenye tabaka kadhaa, nalo hupita katika ukali wote wa tumbo la mwanadamu bila kudhurika. Ndimu ya kachumbari italifanya nini? Kinacholiua ni moto. Kwa mboga zisizopikwa, dawa ni kuziosha jani moja moja katika maji mengi safi, na maji yenyewe yamwagwe na kubadilishwa mara kadhaa, ili mayai yatoke pamoja na udongo. Vivyo hivyo kwa mikono. Desturi ya kunawa kabla ya kukaa kwenye sinia ni njema sana, lakini bakuli moja la maji likipitishwa kwa watu wanane, wa mwisho hunawa uchafu wa saba waliomtangulia. Maji yamiminwe juu ya mikono, na sabuni iwepo. Kucha za watoto zikatwe.

Kisiwa cha Mombasa kina shida yake pekee. Chini ya nyumba zake mna jiwe la matumbawe, lenye matundu mengi, na maji hupenya humo upesi. Katika mitaa ya zamani choo cha shimo na kisima vimechimbwa karibu karibu, kwa sababu nafasi ni ndogo. Mwaka 1957 maji ya chemchemi za Mzima, huko Tsavo, yalifika Mombasa kwa bomba refu, na hilo lilikuwa jambo kubwa kwa afya ya mji. Hata hivyo bomba halitoshi kwa mji uliokua kiasi hiki, na visima na mikokoteni ya mitungi bado ina wateja. Maji yasiyojulikana asili yake yachemshwe. Lakini ijulikane kwamba hatari kubwa ya mayai ya minyoo imo zaidi katika udongo, mboga na vidole, na shimo la choo likifurika wakati wa masika, mayai yake hutandazwa uani ambamo watoto hucheza.

Safura ni habari nyingine. Mnyoo wake ana urefu wa sentimeta moja tu, na hahitaji kumezwa. Mayai yake huanguliwa katika mchanga wenye kivuli na unyevu, na baada ya siku tano hadi kumi kidudu mchanga huwa tayari kumngoja mtu. Akikanyagwa kwa mguu usio na kiatu, hupenya katika ngozi, aghalabu baina ya vidole, na kuacha mwasho. Jambo hili lilipotangazwa mwaka 1898 wengi walikataa kulisadiki. Aliyeligundua ni Arthur Looss, mwanachuoni Mjerumani aliyefanya kazi Cairo. Alikuwa akifanya majaribio kwa wanyama, akadondokewa mkononi na maji yenye vidudu hao. Ngozi ikamwasha na kuwa nyekundu. Na baada ya muda akayaona mayai ya mnyoo katika choo chake mwenyewe. Aliendelea na uchunguzi mpaka akaifuata safari yote, kutoka ngozi hadi mapafu, koo na utumbo.

Katika utumbo mnyoo wa safura huuma na kunyonya damu. Kila mmoja hunywa kidogo sana, chini ya tone moja kwa siku kwa aina iliyo ndogo, na mara tano hivi ya kiasi hicho kwa aina ya pili. Lakini mtu aweza kuwa nao mamia, na huishi mwaka au miaka kadhaa. Damu ikipungua pole pole, mtu hajioni mgonjwa, hujiona mchovu. Mchukuzi bandarini huitwa mvivu, mtoto darasani huitwa mzito wa kuelewa. Mwenye kuumia zaidi ni mwanamke mjamzito, kwa kuwa damu yake inatakiwa na wawili, na akipoteza nyingine wakati wa kuzaa hana akiba. Wengi wa wanawake hao hutamani kula udongo, hasa udongo wa ukuta wa nyumba. Wachunguzi waliozungumza na wajawazito wa Kilifi katika miaka ya 1990 waliambiwa na wanawake wenyewe kwamba tamaa hiyo inahusiana na safura. Si tabia mbaya ya kuchekwa. Ni ishara kwamba yafaa damu yake ipimwe kliniki.

Mkazi wa kisiwani aweza kusema kwamba vichochoro vyake vina saruji, basi safura haimhusu. Lakini kila siku maelfu huvuka kivuko cha Likoni, na wengi wana mashamba, wazazi na wakwe upande wa Kwale. Mkoa huo wa pwani ya kusini umekuwa na vita na safura kwa karne moja. Katika miaka ya 1920 Idara ya Uganga ya wakati ule ilifanya kampeni katika Wilaya ya Digo, ikitoa dawa na kuwahimiza watu wachimbe vyoo. Wagonjwa walipona, na minyoo wakarudi.

Kwa nini hurudi? Jibu zuri limepatikana Kwale kwenyewe. Tangu mwaka 2012 mpango wa Taifa wa Kenya umewapa watoto dawa ya minyoo shuleni katika sehemu zenye maradhi hayo, Pwani ikiwamo, na walimu ndio waliogawa vidonge. Chango wengi hukaa katika watoto, hivyo mpango huo una faida kubwa. Lakini safura hukaa hata kwa watu wazima, na mtu mzima hakai darasani. Kati ya 2015 na 2017 ulifanywa uchunguzi ulioitwa TUMIKIA, katika sehemu 120 za Kwale. Sehemu za kundi la kwanza zilipata dawa shuleni tu, mara moja kwa mwaka. Katika kundi la pili watu wa kila nyumba, wakubwa kwa wadogo, walipewa mara moja kwa mwaka. Na katika kundi la tatu kila nyumba mara mbili kwa mwaka. Baada ya miaka miwili, katika kundi la shule watu wenye safura walipungua kutoka 18.6 katika kila mia hadi 13.8. Katika kundi la pili walipungua kutoka 17.9 hadi 8.0. Katika kundi la tatu, kutoka 20.6 hadi 6.2.

Tarakimu hizo zastahili kusomwa mara mbili na kila baba wa nyumba. Mtoto aliyepewa kidonge shuleni Jumatatu, akirudi kwenye ua ambao babu, mama na mtumishi wa shamba hawakunywa dawa, atakanyaga vidudu wapya kabla ya mwezi kwisha. Kidonge hakimkingi mtu. Husafisha tumbo la siku ile tu. Kisiwani Pemba, ambako katika miaka ya 1990 karibu kila mtoto wa shule alikuwa na minyoo, dawa iligawiwa mwaka baada ya mwaka. Minyoo wazito wakapungua, lakini wenyewe hawakwisha.

Dawa itumikayo zaidi ni albendazoli, miligramu 400, kidonge kimoja kwa mara moja. Mtoto wa mwaka mmoja ambaye hajafika miwili hupewa nusu. Chango hushindwa nayo kwa urahisi, safura kwa sehemu kubwa, lakini mnyoo mwembamba kama mjeledi mara nyingi hustahimili dozi moja. Mjamzito haimezi katika miezi mitatu ya kwanza, na baada ya hapo huimeza kwa shauri la kliniki, pamoja na vidonge vya kuongeza damu. Familia ikimeza, na wote wameze siku moja, hata yule ajionaye mzima. Viatu vivaliwe shambani na chooni, na shimo la choo lifunikwe.

Atakaye kujua hakika achukue choo kidogo cha asubuhi, kiasi cha ncha ya kidole, akitie katika chombo kikavu chenye kifuniko na kukipeleka zahanati siku hiyo hiyo. Mpimaji atakitazama kwa darubini na kuyahesabu mayai. Asiwe na haya. Kazi hiyo ndiyo mpimaji aliyosomea.