Kumnyoa Mtoto: Kipara, Kiduku au Kupunguza?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baad. Baada ya darsa moja hapa Singida, mama mmoja alituuliza suala ambalo baadhi ya waliohudhuria walilicheka. Ana mtoto wa kiume wa miaka minne. Baba anataka anyolewe kipara. Mjomba alimpeleka saluni akamrudisha na kiduku. Bibi naye hataki kusikia habari ya kipara miezi hii ya baridi na upepo. Mama mwenyewe anataka kichwa kinachosafishika kwa maji kidogo, maana maji huyafuata mbali na vumbi la huku kila mtu analijua. Akauliza: sheria inasemaje? Sisi hatukuliona suala hilo kuwa dogo.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kumnyoa mtoto mchanga siku ya saba ni sunna yenye mlango wake, pamoja na akika. Katika Muwatta ya Imam Malik imepokewa kwamba Bibi Fatma (r.a.) alizipima nywele za Hasan, Husein, Zainab na Ummu Kulthum, akatoa sadaka ya fedha kwa uzito wake. Ndiyo maana katika madhehebu yetu ya Shafi hata mtoto wa kike hunyolewa siku hiyo. Lakini huyu wa miaka minne ameshatoka katika mlango huo. Kwake, kunyolewa chote, kupunguzwa au kuachwa ni mubaha, na zikiachwa zitunzwe.

Kilichokatazwa ni qaza'. Katazo hilo limepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar (r.a.). Nafi', aliyelipokea kwake, alipoulizwa maana ya neno hilo alieleza kuwa ni kunyoa sehemu ya kichwa cha mtoto na kuacha sehemu. Asili yake katika lugha ya Kiarabu ni vipande vya mawingu vilivyotawanyika. Mkulima wa alizeti wa Ikungi au Iramba anayajua mawingu hayo ya Novemba, kiwingu huku, kiwingu kule, na mvua hakuna. Katika riwaya ya Abu Daud, Mtume (s.a.w.) alimwona mtoto aliyenyolewa hivyo, akaelekeza kwamba kichwa ama kinyolewe chote au kiachwe chote.

Ibn al-Qayyim, katika kitabu chake Tuhfatul-Mawdud, ameigawa qaza' katika aina nne, na mojawapo ni kunyoa pembeni na kuacha katikati. Hicho ndicho kiduku. Wala denge ya wazee wetu, ya kuacha kishungi utosini, haisalimiki kwa sababu tu ni mila ya zamani.

Hapa msomaji aangalie lugha ya kinyozi. Kunyoa, yaani halq, ni kuondoa nywele mpaka ngozi. Kupunguza ni jambo jingine, na katazo limekuja kwa kunyoa. Basi mashine ikipitishwa namba moja pembeni na namba mbili juu, hiyo si qaza' yenyewe, ingawa sisi twapenda kichwa kiwe sawa chote. Akipitisha sifuri pembeni na kuacha juu, hapo ameingia. Ama kusafisha panja na kisogo, Bukhari amenukuu ndani ya riwaya hiyo hiyo kwamba kwa mtoto hakuna ubaya.

Na daraja la katazo hili ni lipi? Imam Nawawi katika sherehe yake ya Sahih Muslim ameeleza kuwa wanazuoni wameafikiana kuwa ni makruhu, tena makruhu ya tanzih isiyofika haramu, isipokuwa kwa ajili ya matibabu na mfano wake. Tunalisisitiza hili kwa sababu tuna deni nalo. Miaka mingi nyuma, tukiwa walimu vijana, alikuja chuoni mtoto aliyenyolewa kiduku. Tulichukua wembe tukamkwangua mbele ya wenzake, nao wakamzomea. Hakurudi. Mtoto yule hakuwa mukallaf, na kichwa chake hakukinyoa yeye. Aliyestahiki kuambiwa ni baba yake, faraghani, na kwa maneno laini. Tulizuia makruhu, tukamkosesha mtoto Qur'ani.

Tumtazame Mtume (s.a.w.) na watoto wa Jaafar bin Abi Talib. Jaafar aliuawa katika vita vya Muuta, mwaka wa 8 Hijria (629). Abu Daud amepokea kutoka kwa mwanawe, Abdullah bin Jaafar, kwamba Mtume aliwaacha siku tatu, kisha akaja, akaagiza waitwe watoto, akaagiza aitwe kinyozi, wakanyolewa vichwa vyao. Baadhi ya wenye kusherehesha wamesema: mama yao, Asmaa bint Umais, alikuwa ameshughulishwa na msiba, hakuwa na nafasi ya kuchana na kusafisha vichwa vya watoto. Tazama basi, mazingatio yalikuwa kumpunguzia mama kazi. Mama yetu mwenye ndoo kichwani ana hoja katika hadithi hii kuliko mjomba mwenye kupenda mitindo.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni mashine na wembe wa kinyozi. Mapunye ni fangasi, nayo huhama kwa mashine, chanuo na taulo kutoka kichwa hadi kichwa. Kipara peke yake hakiyaponyi, na dawa ya kupaka mara nyingi haitoshi, kwa kuwa fangasi wameingia katika shina la unywele; mtoto apelekwe zahanati apewe vidonge. Wembe uliotumiwa na mwingine waweza kuhamisha homa ya ini na Virusi vya Ukimwi. Mzazi adai wembe mpya, na mashine isafishwe kwa spiriti mbele ya macho yake, wala asione haya. Kuzuia madhara ni katika misingi ya fiqhi yetu.

Tulimjibu yule mama: mashine namba moja, kichwa kizima, na kofia ya kufuma kwa ajili ya baridi ya bibi.

Akaongeza la binti yake anayeanza darasa la kwanza, kwani shule nyingi hutaka nywele fupi. Kumnyoa msichana kipara bila dharura wanazuoni wamekuchukia, na hadithi ya Ali (r.a.) katika hilo, aliyoipokea Tirmidhi, ina maneno katika isnadi yake. Lakini kupunguza kumepokewa katika Sahih Muslim kuwa wakeze Mtume walifanya, na Nawawi ameichukua kuwa dalili ya kujuzu. Basi apunguzwe, bila kukusudia kumfananisha na mvulana, na hijabu yake avae juu ya nywele hizo fupi.

Wallahu aalam.