Kupanuka kwa Ulimwengu na Mizani ya Mvutano



Mtu arushapo jiwe juu hutarajia mwendo wake upungue, kwani ardhi yalivuta. Ndivyo wanafalaki walivyoudhania ulimwengu. Tangu mwaka 1929, Edwin Hubble alipoonyesha kuwa galaksi za mbali zinazidi kutengana nasi, walitaka kujua kupanuka huko kunapunguzwaje na mvutano. Mwaka 1998 makundi mawili ya wataalamu yalipima nuru ya nyota zilizolipuka, yakaikuta hafifu kuliko ilivyotazamiwa. Yaani nyota hizo zi mbali zaidi. Jiwe, kwa mfano wetu, lilikuwa likizidi kukimbilia juu.

Kisababisho hicho kikaitwa nishati ya giza, nacho hukadiriwa kuwa kama asilimia 70 ya vyote vilivyomo ulimwenguni. Lakini jina si maelezo. Wakatokea waliosema kuwa huenda nishati hiyo haipo, bali kanuni ya mvutano aliyoitoa Albert Einstein mwaka 1915 haitoshi kwa masafa makubwa mno. Wakatunga kanuni nyingine, nyingi na za ustadi.

Hukumu ya baadhi yake ilikuja tarehe 17 Agosti 2017. Nyota mbili za nyutroni zilikuwa zimegongana umbali wa miaka ya nuru ipatayo milioni 130, na mawimbi ya mvutano yakanaswa na mitambo ya LIGO huko Marekani. Sekunde 1.7 baadaye setilaiti ya Fermi ikaona mmweko wa miali ya gama. Safari ya miaka milioni 130, na tofauti haikufika sekunde mbili! Basi mvutano husafiri kwa mwendo wa nuru. Kanuni zilizohitaji mwendo mwingine zikaanguka, pamoja na jasho la miaka mingi. Zile zisizougusa mwendo huo zingali zinapimwa.

Kwa hiyo hatupendi kumsikia msemaji akiifunga aya kwa nadharia mpya. Nadharia ikianguka, kijana hudhani na aya imeanguka.

Nao upimaji haujakoma. Mwaka 2024 na 2025, vipimo vya DESI, chombo kilichoko Arizona, vilitoa dalili, ambazo bado si uthibitisho, kwamba nishati ya giza yadhoofika kadiri zama zipitavyo.