Je, Wajua? Bunduki, Waya na Sheria ya Mwindaji Kivu Kaskazini

Je, wajua kwamba Parke ya Virunga ilianzia kwenye mtutu wa bunduki? Mwaka 1921 Mmarekani Carl Akeley alipanda mlima Mikeno akapiga gorila kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Kuwaona wamelala chini kulimgeuza moyo. Akaanza kumshawishi Mfalme Albert I wa Ubelgiji, na tarehe 21 Aprili 1925 ikatoka amri ya kuanzisha hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika. Akeley alirudi mwaka 1926, akaugua, akafia mlimani na kuzikwa Kabara.

Je, wajua gorila wa milimani walipataje jina lao la kisayansi? Oktoba 1902 afisa wa Kijerumani, Robert von Beringe, alipiga wawili kwenye mlima Sabinyo. Wataalamu wa Berlin wakawapa jina lake: *beringei*. Aliyewaua ndiye anayetajwa hadi leo.

Je, wajua kwamba ubishi wa nani aruhusiwe kushika bunduki ya aina gani katika nchi hizi una zaidi ya miaka 130? Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaruhusu gobore la gumegume lenye mtutu laini. Sababu iliyotajwa ilikuwa kupambana na biashara ya watumwa. Sababu nyingine haikuhitaji kutajwa: dola za Ulaya hazikutaka mtu wa huku awe na silaha sawa na ya askari wao.

Miaka 10 baadaye, London 1900, mkataba wa kulinda wanyama wa Afrika ulilenga nyavu na mashimo ya kutegea, vyombo ambavyo mwanakijiji alivijua tangu kwa babu zake. Mzungu mwenye leseni na raifo aliendelea kupiga tembo. Ukimsikia mzee wa Rutshuru leo akisema sheria ya uwindaji ni sheria ya kumnyima yeye na kumpa mwingine, usimcheke. Ana historia upande wake.

Je, wajua kwamba sheria ya uwindaji ya Kongo iliandikwa nchi ingali Zaire? Ni sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Ile ya silaha na risasi ni ya tarehe 3 Septemba 1985. Zote mbili ni za kabla ya mafuriko ya wakimbizi kutoka Rwanda ya Julai 1994, kabla ya vita vya 1996 na 1998, kabla ya makundi yenye silaha kugeuza msitu kuwa kambi. Waliozitunga walimwaza mwindaji mwenye bunduki moja na kibali mfukoni. Huyo siku hizi ni nadra kukutana naye.

Je, wajua kwamba karatasi moja haitoshi? Kibali cha kumiliki bunduki hakikupi ruhusa ya kuwinda, na kibali cha kuwinda hakikupi ruhusa ya kumiliki bunduki. Lazima uwe navyo vyote viwili.

Na je, wajua kwamba vibali vya kuwinda viko vya namna nyingi? Kuna cha mchezo, cha mtalii, cha mwanasayansi. Viko pia viwili ambavyo watu wengi wa vijijini hawajawahi kuvisikia: kibali cha uwindaji wa vijijini na kibali cha pamoja, kinachotolewa kwa jamii nzima. Hapa ndipo ningependa mabaraza yetu yakae muda mrefu. Sheria ilishakubali kwamba mtu wa kijijini anaweza kuwinda kihalali nje ya Parke, wanyama wasiolindwa, kwa utaratibu. Kibali ambacho mtu hajui kipo, na ambacho ofisi yake iko safari ya siku nzima kwa pikipiki kwenye barabara isiyo salama, ni sawa na kibali kisichokuwepo.

Ndani ya Parke hakuna kibali kinachokubalika. Sheria ya uhifadhi ya tarehe 11 Februari 2014 inakataza jambo hilo.

Je, wajua kwamba sheria za uwindaji hukataza pia bunduki *ndogo* mno? Nchini Tanzania mwindaji wa kitalii anayefuata tembo au nyati hutakiwa kubeba kalibre kubwa, kwa kawaida kuanzia .375. Risasi nyepesi haiui nyati. Inamjeruhi, anaingia kichakani na maumivu yake, na anayefuata kupita njia hiyo, labda mama mwenye mzigo wa kuni, ndiye anayelipa.

Je, wajua gobore la kienyeji linatengenezwaje? Mtutu mara nyingi ni bomba la chuma, pengine limetolewa kwenye usukani wa gari bovu. Kitako ni cha mbao. Mwindaji humimina baruti mdomoni mwa mtutu, akashindilia kitambaa au nyuzi kwa fimbo, akatia vipande vya nondo vilivyokatwa, akashindilia tena. Risasi moja, kisha dakika nzima ya kujaza upya. Bomba likiwa na ufa, au baruti ikizidi kidogo, hulipukia mikononi mwa mwenyewe. Kulitengeneza bila ruhusa ni kosa, na wenye magobore ndio wanaokamatwa kwa urahisi, kwa sababu wanakaa nyumbani kwao na kila mtu anawajua.

Je, wajua kwamba bunduki ya kalibre 12 bila risasi zake ni bomba tu? Kwa miaka mingi kiwanda cha Pointe-Noire, Kongo-Brazzaville, kimekuwa kikitengeneza risasi za kalibre hiyo kwa wawindaji wa Afrika ya Kati. Bunduki hudumu vizazi viwili au vitatu. Risasi huisha kila wiki. Anayetaka kudhibiti uwindaji kwa dhati aanzie dukani kwenye risasi.

Je, wajua kwamba Umoja wa Afrika umeweka hesabu ya risasi ndani ya magazini? Mkataba wa uhifadhi uliopitishwa Maputo mwaka 2003 una kiambatisho cha vyombo vilivyokatazwa: sumu, baruti za kulipua, nyavu na mitego isiyochagua mnyama, taa za usiku, darubini za kuonea gizani, magari, ndege, na silaha zinazojipakia zenyewe ambazo magazini yake inabeba zaidi ya risasi mbili. Mbili! Kalashinikovu ya kawaida hubeba 30. Itifaki ya Nairobi ya 2004, ambayo Kongo ni mshiriki wake, inataka raia asiwe kabisa na bunduki za namna hiyo. Nalo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliwekea makundi yenye silaha ya Kivu na Ituri vikwazo vya silaha tarehe 28 Julai 2003.

Makaratasi ni mengi basi. Viboko walikufa hata hivyo.

Je, wajua Virunga ilikuwa na viboko wangapi? Katikati ya miaka ya 1970 walihesabiwa zaidi ya 25,000, kundi kubwa kuliko yote duniani wakati huo. Miaka 30 baadaye walikuwa wamebaki chini ya 1,000. Hakuna gobore lililofanya kazi hiyo. Waliuawa kwa silaha za vita, na wanamgambo na wanajeshi wa pande mbalimbali, kwa nyama na kwa meno. Wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge wanaikumbuka kwa namna yao: kinyesi cha kiboko hurutubisha maji ya Ziwa Edward, na kiboko alipopungua, samaki nao walipungua. Anayedhani suala hili ni la watalii aende mwaloni akaulize bei ya tilapia.

Je, wajua kwamba marufuku ya kuwinda kwa ndege si maneno ya kujaza kurasa? Machi 2012, katika Hifadhi ya Garamba, tembo 22 walikutwa wamekufa, wengi wakiwa na tundu la risasi juu ya kichwa. Waliochunguza waliona kwamba risasi zilitoka angani, kwenye helikopta.

Je, wajua kwamba gorila wa familia ya Rugendo, pamoja na dume lao Senkwekwe, hawakuuawa kwa sababu ya nyama? Julai 2007 walipigwa risasi na maiti zao zikaachwa pale pale. Uchunguzi ulielekea kwenye biashara ya makaa: gorila walikuwa sababu ya msitu kulindwa, na msitu ndiyo pesa.

Je, wajua sasa chombo ambacho hakihitaji kibali, hakina namba ya usajili, hakipigi kelele, na kila kijana wa mpakani mwa Parke anaweza kukipata kabla ya jua kuzama? Ni waya. Waya wa breki ya baiskeli au ya pikipiki. Nyuzi za chuma zilizobaki tairi likichomwa. Mtegaji hutafuta kinjia cha paa, penye kwato mbichi. Hukunja mti mchanga mpaka ncha yake ikaribie ardhi, akaufunga kitanzi, akakizuia kwa vijiti viwili vilivyochongwa, akafunika kwa majani. Mnyama akikanyaga, kijiti kinaruka, mti unanyooka, kitanzi kinabana mguu. Anavyovuta ndivyo kinavyokata, mpaka kwenye mfupa.

Bunduki, hata iwe haramu, ina jicho la mtu nyuma yake. Waya hauna. Unategewa mboloko, unamshika mtoto wa gorila. Unategewa nguruwe pori, unamshika mbwa wa jirani. Mtegaji akikimbia vita usiku, mitego yake inabaki ikiua bila mtu wa kula. Kwa hilo nasimama upande wa wanaotaka waya uadhibiwe ndani ya Parke kwa uzito ule ule wa bunduki, na nasema hivyo nikijua kwamba wengi wanaoutega wana watoto wanaosubiri chakula jioni.

Je, wajua kwamba waliohesabu gorila wa safu ya Virunga mwaka 2015 na 2016 walipata gorila 604, na katika kazi hiyo hiyo wakang'oa mitego zaidi ya 380? Mitego hiyo ilikuwa ndani ya makazi ya gorila hasa.

Na je, wajua kwamba gorila wenyewe wamejifunza? Mwaka 2012, upande wa Rwanda, siku chache baada ya mtoto wa gorila kufa kwa mtego, vijana wawili wa kundi la Kuryama, Rwema na Dukore, walionekana wakitegua mtego: mmoja akaruka juu ya mti uliokunjwa akauvunja, mwingine akang'oa kitanzi.

Je, wajua kwamba si kila chombo cha asili kinadhuru namna moja? Wambuti wa Ituri husuka nyavu kwa nyuzi za mmea wa porini uitwao kusa. Kila familia huleta wavu wake, nyavu zinaunganishwa nusu duara, wanawake na watoto wanawakurupusha wanyama kwa kelele. Mtu yupo pale pale mnyama anaponaswa, na jike mwenye mimba anaweza kuachwa aende. Mkataba wa Maputo unautaja wavu na sumu katika orodha moja. Hifadhi ya Okapi, tangu ianzishwe mwaka 1992, imejaribu kuacha nafasi kwa uwindaji wa kujikimu wa wenyeji. Naona hiyo ni haki. Wavu ukishaanza kulisha lori la mfanyabiashara wa nyama, hapo mambo yamebadilika.

Je, wajua taa ya kichwani? Ile ya bei nafuu inayouzwa kila kona ya Birere, mjini Goma. Mnyama akimulikwa machoni usiku husimama akiduwaa. Ndiyo maana uwindaji wa taa umekatazwa karibu kila mahali.

Je, wajua kwamba risasi inaendelea kudhuru hata mnyama akishapikwa? Chembe za madini ya risasi hubaki kwenye nyama, na ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Marekani ilikataza marisau ya madini hayo kwa kuwinda bata mwaka 1991. Umoja wa Ulaya ulifuata kwa maeneo ya majimaji Februari 2023.

Je, wajua jirani zetu waliamuaje? Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977. Tanzania iliufunga mwaka 1973, ikaufungua tena 1978. Hadi leo kila upande unamnyooshea mwenzake kidole kuhusu idadi ya wanyama.

Je, wajua kwamba walinzi wa Virunga zaidi ya 200 wameuawa wakiwa kazini? Tarehe 24 Aprili 2020 pekee, karibu na Rumangabo, makao makuu ya Parke, waliuawa 12 pamoja na dereva na raia wanne. Hawa ni watoto wa Kibumba, wa Rutshuru, wa Goma. Sheria ikikosa meno, wao ndio wanaoumwa.

Je, wajua kwamba tangu tarehe 6 Mei 2021, chini ya hali ya dharura, Kivu Kaskazini iliwekwa mikononi mwa magavana wa kijeshi na bunge la mkoa likasimamishwa? Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ikaingia mikononi mwa waasi wa M23. Kwa miaka hii yote mkoa wenye mgogoro mkubwa wa silaha na wanyama umekosa ukumbi wa kuujadili.

Je, wajua mahali ambapo waya umepata kazi nyingine? Pakwach, kaskazini mwa Uganda, karibu na Murchison Falls. Vijana wa huko, baadhi yao wawindaji wa zamani, huchukua nyaya zilizong'olewa porini na kuzisokota kuwa sanamu za tembo, twiga na simba, kisha wakaziuza. Nyaya kama hizo hung'olewa Virunga pia. Ufundi upo kwetu. Aliyeweza kunyonga breki ya baiskeli kuwa kitanzi hawezi kushindwa kuisokota kuwa tembo, ilimradi apatikane wa kumnunulia.