Pigano la mwisho lenye bei yake

MICHEZO ya mezani tunayoijua huku, kama bao, karata na drafti, huisha mmoja akishinda na mwingine akishindwa. Marekani umezaliwa mchezo ambao hauishi hivyo. Unaitwa Dungeons & Dragons, ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ukaanza kuuzwa mwaka 1974.

Wachezaji huketi pamoja, kila mmoja na mhusika wake: askari, mwizi, mganga, malenga. Mmoja wao ndiye msimulizi. Yeye huieleza nchi ya kubuni na kuwasemea maadui. Mchezaji akisema "nampiga", hurushwa dadu lenye pande 20, na namba inayotokea ndiyo huamua. Hadithi moja inaweza kuendelea miaka kadhaa. Ndiyo maana pigano la mwisho ni mtihani: likiharibika, safari nzima imeharibika.

Mimi ni mwalimu, na kila nikisahihisha insha nakutana na ugonjwa uleule. Mwanafunzi anamzungushia shujaa wake simba pande zote, kisha ukurasa ukikaribia kwisha anaandika: "Mara nikaamka, kumbe ilikuwa ndoto." Msomaji anajiona ameibiwa. Mchezo huu nao una maradhi yake: adui mwenye uhai mwingi mpaka vita vinageuka hesabu za kutoa, au msaada unaodondoka kutoka mbinguni dakika ya mwisho.

Dawa yake nimeiona kwa kundi la waigizaji wa sauti wa Marekani liitwalo Critical Role, ambalo msimulizi wake alikuwa Matthew Mercer. Walianza kurusha mchezo wao moja kwa moja kwenye intaneti Machi 2015, na hadithi yao ya kwanza ikaisha Oktoba 2017 baada ya vipindi 115.

Adui wao wa mwisho alikuwa Vecna, mchawi mfu aliyejipandisha cheo akawa mungu. Miongoni mwa mashujaa alikuwamo Vax, aliyechezwa na Liam O'Brien. Zamani pacha wake wa kike alikufa, naye Vax akamwambia mungu wa mauti: nichukue mimi badala yake. Dada akafufuka. Baadaye Vax mwenyewe aliuawa na Vecna. Mungu yule akamrudisha kwa sharti kwamba Vecna akishindwa, naye ataondoka moja kwa moja.

Alikuwamo pia malenga Scanlan, aliyechezwa na Sam Riegel. Katika kanuni za mchezo, uchawi una ngazi 9, na malenga aliyebobea hupata nafasi moja tu ya ngazi ya juu kabisa mpaka alale apumzike. Kwa nafasi hiyo angeweza kutamka uchawi wa kuomba karibu lolote. Riegel aliiweka akiba, akikusudia kumwokoa Vax asiondoke.

Katikati ya vita, Vecna akataka kutoweka akimbie. Riegel alipaswa kuamua papo hapo: amzuie, au aitunze akiba yake? Akaitumia kuuvunja uchawi wa Vecna. Adui akakwama palepale, akashindwa na kufungiwa nje ya dunia. Lakini Vax hakuwa tena na wa kumwombea. Sharti likatimia, akaenda.

Mfanyabiashara wa Kobero ataelewa upesi. Noti ya mwisho uliyoificha kwa ajili ya ada ya mtoto ndiyo hiyohiyo inayomlipa daktari usiku wa leo. Huwezi kuitumia mara mbili.

Kwa nini watazamaji waliridhika, ingawa wengi walilia? Kwanza, bei ilijulikana mapema, haikuzuka ghafla. Pili, msimulizi hakurudisha chenji. Mercer alikuwa na uwezo wa kumwonea Vax huruma, lakini kufanya hivyo kungemwambia Riegel kwamba uamuzi wake haukuwa na uzito. Tatu, hadithi haikukatwa adui alipoanguka. Walipewa muda wa kuagana, na kila aliyebaki akaeleza ataishi vipi.

Hilo la tatu ndilo linalonigusa zaidi. Sisi tuliorudi nyumbani twajua kwamba siku ya kuvuka mpaka haikuwa mwisho wa safari. Mwisho ulikuja tulipoketi uani na kuanza kuulizana nani yupo na nani hayupo. Hadithi inayoishia kwenye shangwe za mpakani imeacha nusu yake barabarani.

Basi siku hizi, kabla mwanafunzi hajamleta simba wake, namtaka aniandikie sentensi moja: shujaa wako ana kitu gani ambacho hataki kukitoa? Akishakijua, ndoto haimjii tena.