Kabla hujamnunulia mtoto baiskeli ya gia, beba sumaku

Kahama. Shule zikikaribia kufungwa, ombi moja huwafikia wazazi wengi wa Nyahanga: mtoto anataka baiskeli. Haitaki ile nyeusi ndefu ya babu yake. Anataka yenye matairi mapana ya meno, gia na shokapu mbele, ile ambayo dukani huitwa baiskeli ya milimani na mtaani baiskeli ya gia.

Ni ombi zuri. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya wastani hadi makali kila siku. Watoto wachache hukubali kukimbia kwa saa nzima wakiambiwa ni mazoezi. Mpe baiskeli, saa hiyo itapita bila mwenyewe kujua kwamba moyo, mapafu na misuli yake vinafanya kazi.

Tatizo huanza dukani. Mzazi huangalia rangi, idadi ya gia na bei, lakini kinachobeba uzito wote wa mtoto ni fremu, yale mabomba yanayounganisha kiti, usukani, pedeli na magurudumu. Pancha huzibwa na cheni ikikatika huungwa. Fremu ikikatika karibu na usukani, mtoto hutangulia chini kwa uso.

Ilianza kama baiskeli ya babu

Kahama haina milima mirefu, lakini baiskeli hii haikuhitaji mlima ili ifae. Ilihitaji njia mbovu. Katikati ya miaka ya 1970, vijana wa Marin County, California nchini Marekani, walikuwa wakichukua baiskeli kuukuu za chuma za miaka ya 1930 na 1940, nzito na zenye matairi manene, na kushuka nazo kwenye njia za vumbi za Mlima Tamalpais. Mwaka 1977 Joe Breeze alitengeneza fremu mpya maalumu kwa mchezo huo. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikaanza kuuza Stumpjumper, baiskeli ya kwanza ya aina hiyo kutengenezwa kwa wingi kiwandani, na fremu yake ilikuwa ya chuma. Mwaka 1996 mchezo ukaingia Olimpiki, mjini Atlanta.

Kwa hiyo Phoenix ya babu ni ndugu wa karibu wa baiskeli anayoitaka mjukuu. Matairi mapana yaliyotafutiwa vumbi la California yanafaa pia kwenye udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni, na kwenye njia za makorongo baada ya mvua. Kwenye udongo mweusi wa mbuga ukiwa umelowa, hakuna tairi linalosaidia. Hapo baiskeli hukokotwa.

Chuma, alumini, kaboni

Baiskeli nyingi ambazo mzazi atazikuta sokoni zina fremu ya chuma au ya alumini.

Chuma ni kizito, karibu mara tatu ya alumini kwa ujazo ule ule, lakini pia ni kigumu kupinda karibu mara tatu. Ndiyo maana mabomba ya fremu ya chuma huwa membamba, na ya alumini huwa manene: unene huo hufidia ulaini wa madini yenyewe. Alumini haishiki kutu nyekundu, na fremu yake huwa nyepesi, jambo ambalo mtoto hulipenda anapopanda kilima.

Tofauti kubwa iko kwenye uchovu wa madini. Kunja waya huku na huku mara nyingi, mwishowe hukatika hata kama hukutumia nguvu. Fremu nayo hutikiswa kila inapopita kwenye shimo. Chuma kina kiwango cha mtikiso ambacho kikiwa chini yake, kinaweza kuvumilia karibu bila kikomo. Alumini haina kiwango hicho. Kila mtikiso, hata mdogo, huongeza kitu kwenye hesabu. Watengenezaji makini hulijua hilo na huziongezea unene sehemu zinazoumia, hivyo fremu nzuri ya alumini hudumu miaka mingi. Swali liko kwenye ya mtumba: mzazi hajui hesabu hiyo imefika wapi.

Kisha kuna suala la fundi. Fremu ya chuma ikipata ufa, fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuirudisha barabarani. Ya alumini huhitaji mashine na ujuzi mwingine, na nyingi hupitishwa kiwandani kwenye joto maalumu baada ya kuunganishwa ili zirudishe uimara wake. Moto wa mtaani huiacha sehemu iliyounganishwa ikiwa dhaifu. Kwa macho itaonekana imepona, lakini inaweza kukatika tena pembeni ya kovu. Fremu ya alumini ya mtoto ikipasuka, iachwe.

Kaboni ni nyuzi zilizogandishwa kwa gundi ngumu. Ndiyo iliyotawala Septemba 2025 wakati Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, katika nchi ambayo malori yanayopita Kahama huifikia kupitia Rusumo. Ni nyepesi mno na imara mno, lakini ikigongwa vibaya inaweza kuumia ndani bila kuonyesha nje, kisha ikavunjika ghafla. Kaboni ya mtumba si ya kumpa mtoto.

Baiskeli ya mtoto hugeuka ya nyumba

Washauri wa Ulaya humwambia mnunuzi achague fremu kulingana na mchezo atakaoucheza. Nyahanga kuna swali la nyongeza: jioni, mtoto akishacheza, nani ataitumia?

Mara nyingi jibu ni kila mtu. Madumu matatu ya maji ya lita 20 ni kilo 60. Kiroba cha pumba, mdogo wake anayepelekwa shule, mzigo wa kuni, vyote hupanda juu ya fremu ile ile. Fremu nyepesi za kuchezea hazikupimwa kwa mzigo wa namna hiyo nyuma, na nyingi hazina hata matundu ya kufungia keria.

Mashirika yanayogawa baiskeli kwa ajili ya vijijini yamelijibu swali hilo kwa chuma. Baiskeli ya Buffalo ya World Bicycle Relief, shirika lililoanzishwa mwaka 2005, ni ya chuma, nzito, na ina keria ya kubeba kilo 100. Nchini Zambia, utafiti wa Innovations for Poverty Action ulifuatilia wasichana waliopewa baiskeli hizo wakiwa wanaishi mbali na shule. Utoro wao ulipungua kwa asilimia 28 ukilinganisha na wasiopewa. Mzazi anayefikiri baiskeli ni ya mtoto wa kiume tu, aitazame takwimu hiyo mara mbili.

Kwa familia itakayokuwa na baiskeli moja, basi, chuma ndilo chaguo la kwanza. Alumini inafaa kama ni mpya au imekaguliwa vizuri, mtoto ndiye mtumiaji pekee, na nyumbani kuna chombo kingine cha kubebea mizigo.

Kagua hivi dukani

Nenda na sumaku ndogo, hata ile ya spika mbovu. Ikinata kwenye bomba, fremu ni ya chuma. Isiponata na mabomba ni manene, huenda ni alumini. Usitegemee maneno ya muuzaji wala stika. Rangi mpya huficha mengi.

Futa vumbi, kisha angalia kwa tochi ya simu sehemu nne: mabomba yanapokutana chini ya usukani, yanapokutana kwenye pedeli, bomba la kiti linapoingia kwenye fremu, na pale gurudumu la nyuma linapofungwa. Ufa huanza kama mstari mwembamba kama unywele, au rangi iliyopasuka mahali pamoja. Bomba lililobonyea au kuvimba karibu na usukani ni dalili kwamba baiskeli iligonga kitu. Kwenye chuma, chomoa bomba la kiti na uchungulie ndani, kwani kutu mbaya hulia ndani.

Shokapu za bei ya chini zisikuvutie. Huongeza uzito, huchakaa mapema, na spea zake ni ngumu kupata. Baiskeli ya kilo 14 kwa mtoto wa kilo 28 ni nusu ya uzito wake. Mwambie mtu mzima wa kilo 70 aendeshe baiskeli ya kilo 35, ndipo atakapoelewa kwa nini mtoto anachoka.

Vipimo navyo ni muhimu kuliko gia. Mtoto akisimama akiwa ameipita fremu katikati ya miguu, pawepo nafasi ya angalau sentimita 5 kati yake na bomba la juu. Akikaa kwenye kiti aguse chini kwa vidole vya miguu, na vidole vya mikono vifike kwenye breki bila kujinyoosha. Kununua kubwa ili akue nayo ni kumpa chombo asichoweza kukisimamisha. Na bomba la kiti lisivutwe kupita alama iliyochorwa. Likizidi, hupasua fremu.

Majeraha ambayo wazazi huyasahau

Kofia ngumu ndiyo ya kwanza. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa na mtandao wa Cochrane ulionyesha kuwa kofia hupunguza majeraha ya kichwa na ubongo kwa waendesha baiskeli kwa asilimia 63 hadi 88. Ikae sawa juu ya paji la uso, na mkanda ufungwe.

La pili ni ncha za usukani. Raba zikitoka, bomba tupu hubaki wazi, na mtoto akiangukia tumbo linaweza kuumiza ini, bandama au utumbo. Dalili zinaweza kuchelewa saa kadhaa. Mtoto aliyepigwa na usukani tumboni akiendelea kulalamika maumivu, akitapika au akipauka, apelekwe hospitali hata kama ngozi haina jeraha. Vivyo hivyo aliyegonga kichwa kisha akawa na usingizi usio wa kawaida, kutapika au kuchanganyikiwa.

La tatu ni mguu kwenye spoku. Mtoto mdogo anayebebwa kwenye keria, miguu ikining'inia, huweza kukatwa kisigino ndani ya sekunde moja. Pawepo pa kukanyagia na kizuizi pembeni ya gurudumu, la sivyo asibebwe.

Mahali pa kuendeshea pia huchaguliwa na mzazi. Barabara kuu inayopita Kahama hubeba malori ya kwenda Rwanda na Burundi. Siyo uwanja wa mtoto anayejifunza gia. Njia za mitaani zisizo na magari mengi, uwanja wa mpira na vijia vya mashambani baada ya mavuno ndivyo vinavyofaa, mchana kukiwa na mwanga. Ukiweza, tembea naye au endesha pembeni yake wiki za mwanzo. WHO inamshauri mtu mzima naye apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kwa hiyo muda huo haupotei.

Fedha ikiwa haitoshi, punguza gia na shokapu, usipunguze usalama. Fremu ya chuma isiyo na ufa, breki mbili zinazoshika, raba kwenye usukani na kofia ngumu kichwani: hivyo vinne vikitimia, rangi na idadi ya gia mwachie mtoto achague mwenyewe.