Kiungo Kinachovuja na Maji Laini ya Masako

Anayejaza tangi lake la samaki kwa maji ya kijito cha Masako asitegemee kwamba kiungo kinachodondoka kitajiziba chenyewe. Penye maji magumu, chokaa huganda taratibu kwenye ufa mdogo, na tone la leo pengine halionekani tena baada ya wiki chache. Masako hakuna chokaa hiyo. Msitu huu wa hifadhi uko kiasi cha kilomita 14 kaskazini-mashariki ya Kisangani, kwenye barabara ya zamani ya Buta, ndani ya kona kubwa ya mto Tshopo. Mvua za miaka mingi zimeuosha udongo wake, na vijito vinavyotoka humo vina maji laini, yenye asidi na chumvi chache. Samaki wadogo wa msituni huyapenda sana, lakini bomba lenye ufa litaendelea kuvuja mpaka litengenezwe.

Kwanza tafuta panapovuja kweli. Maji huteremka juu ya bomba na kudondokea mbali na yalipotokea, ndiyo maana watu wengi hukaza kiungo kizima na kukiacha kibovu. Pangusa bomba lote, zungushia kila kiungo kipande cha karatasi nyepesi ya choo, kisha subiri. Karatasi ya juu kabisa iliyolowa ndiyo inayokuonyesha penye kasoro.

Kama ni kiungo cha PVC kilichogundishwa, tafadhali usikipake gundi kwa nje. Gundi ya PVC haishikilii vitu viwili kama ulimbo. Huyeyusha ngozi ya bomba na ya soketi ili zichanganyike ziwe kitu kimoja, na kazi hiyo hufanyika ndani, pakiwa pakavu. Silikoni nayo ni ya kioo, kwa PVC haishiki vizuri. Kata kipande kibovu, weka bomba jipya na soketi mbili. Kata mkato ulionyooka, ondoa vinyuzi vya plastiki kwa msasa, paka gundi pande zote mbili, ingiza huku ukizungusha kidogo, kisha shikilia kwa nusu dakika bila kuachia. Hewa ya Kisangani ina unyevu mwingi, na mimi nisingejaza maji kabla ya siku nzima kupita.

Kiungo cha thredi kina mambo yake. Tepu ya tefloni izungushwe mara tatu au nne kuelekea upande unaokazia. Ukiizungusha kinyume, itajikunja na kutoka unapokaza. Usikimbilie spana kubwa, kwa sababu thredi nyingi za bomba zimechongoka, na dume la plastiki likisukumwa mno hupasua jike.

Panaposumbua zaidi ni pale bomba linapopenya kioo. Hapo kinachozuia maji ni raba, wala si thredi, kwa hiyo tepu haina kazi. Kwa kawaida raba hukaa upande wa ndani, chini ya mdomo mpana wa kiungo, ikigusa kioo kisafi. Chembe moja ya mchanga yatosha kuvujisha. Kaza nati kwa mkono, ongeza robo mzunguko tu, kioo kisipasuke. Na kabla ya kulaumu nati iliyogoma, jaribu kuigeuza upande wa pili: nyingi za aina hii hukazwa kwa kushoto. Raba ikikauka, ipake grisi ya silikoni. Vaselini huvimbisha baadhi ya raba.

Sasa nisisitize jambo ambalo fundi wa nyumba hawezi kulijua asipoambiwa. Bomba la plastiki likivuja, yeye huleta kiwiko cha chuma kilichopakwa zinki, au robine ya shaba, kwa sababu ni imara. Maji laini yenye asidi hula metali hizo, na shaba na zinki zilizoyeyuka huharibu matamvua ya samaki. Penye maji magumu, kalsiamu huwakinga kwa kiasi fulani: Ziwa Tanganyika, kule Uvira na Kalemie, lina pH ya karibu 9, na metali zilezile hazileti hatari ile ile. Kwa maji ya Masako, kila kinachoguswa na maji kiwe plastiki, raba, kioo au silikoni isiyo na dawa ya kuvu.

Ukishamaliza, zima pampu kwa makusudi. Umeme wa Kisangani hukatika, na bomba la kurudisha maji ambalo mdomo wake umezama huanza kunyonya maji kinyume, likilimwagia pipa la pampu lililo chini ya tangi hadi lifurike. Watu huita hilo uvujaji, na hukaza viungo bure. Toboa tundu dogo kwenye bomba hilo, sentimita moja au mbili chini ya usawa wa maji: maji yakishuka hapo, hewa huingia na mnyonyo hukatika. Tundu hilo lisafishe kila unaposafisha tangi, kwa sababu mwani na konokono wadogo hulipenda sana.